Swali la Pili

Ukikaa Taveta muda wa kutosha, utajikuta umeketi kwenye kikao cha maji. Mji wetu unaishi kwa maji ya Kilimanjaro. Huchomoza kwenye chemchemi za Njoro, huteremka na mto Lumi, hugawanywa kwa mifereji mpaka kwenye migomba, na yanayobaki huishia Ziwa Jipe. Palipo na mfereji pana zamu, na palipo na zamu hakosi mtu aliyefungulia maji usiku wakati si wake. Basi watu huitana. Mmoja atasema tangu zamani mwenye shamba la juu ndiye anayenywesha kwanza. Mwingine ataapa kwamba mila haikuwa hivyo hata siku moja. Kikao kinaweza kuzunguka hapo hapo mpaka jua lizame, kila upande ukiwataja mababu zake. Lakini mkibahatika, atakuwepo mzee ambaye hajafungua kinywa tangu asubuhi. Huyo atauliza polepole: "Hiyo zamu, waliotutangulia waliiweka kwa ajili gani?"

Swali la kwanza, mila inasemaje, linajibiwa na yeyote mwenye kumbukumbu nzuri. Hili la pili halijibiwi kwa kumbukumbu. Linamtaka mtu afikiri papo hapo, mbele ya majirani zake, na abebe mwenyewe dhamana ya jibu lake. Ndiyo maana watu hunyamaza kidogo likiulizwa.

Nimemtaja mzee huyo kwa sababu nataka kumsifu mtu aliyelifanya swali la pili kuwa kazi ya maisha yake, profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuwa mtu wa huku kwetu. Alizaliwa Ugenya, upande wa Siaya, mwaka 1944. Lakini kazi yake, ya maadili na falsafa ya sheria, inagusa mambo ambayo Taveta tunayaishi kila siku: ardhi, maji, mpaka, kifungo, na mila inayosimama mbele ya hakimu.

Alikwenda Sweden kijana, Chuo Kikuu cha Uppsala, akaanza na masomo ya sayansi kabla falsafa haijamvuta. Mwalimu wake huko alikuwa Ingemar Hedenius, ambaye mwaka 1941 alikuwa ametoa kitabu kuhusu sheria na maadili. Uppsala ilikuwa mahali pa pekee kwa mwanafunzi wa fani hiyo. Kizazi kimoja kabla ya Hedenius, Axel Hägerström alikuwa amefundisha pale kwamba maneno kama "haki" na "wajibu", jinsi wanasheria wanavyoyatumia, hayataji kitu chochote unachoweza kukionyesha kwa kidole. Alichimba sheria ya kale ya Roma na kusema kwamba mizizi ya maneno hayo imo katika imani za kale za uganga, katika nguvu ambayo watu walidhani imo ndani ya tamko na kiapo. Hebu fikiri kijana wa Ugenya anakaa katika mji wenye shule ya namna hiyo. Nyumbani ameambiwa na wakoloni kwamba babu zake walitawaliwa na ushirikina, na kwamba Ulaya ndiyo iliyoleta sheria. Huku anakuta Mzungu msomi akieleza kwamba sheria ya Ulaya yenyewe imejengwa juu ya maneno ya uganga. Sijui somo bora zaidi kwa mtu atakayekuja kuhoji mila zote, za kwao na za wengine, kwa kipimo kimoja.

Alisoma pia Marekani, Wayne State University mjini Detroit, na mwaka 1970 akaanza kufundisha Nairobi. Falsafa wakati huo ilikuwa imefungwa pamoja na masomo ya dini katika idara moja, iliyoongozwa na Stephen Neill, askofu wa Kianglikana. Mwaka 1980 falsafa ikasimama peke yake, na Odera Oruka akawa mkuu wake wa kwanza. Hayo ni ya ofisini, na ofisini si mahali alipoifanyia kazi yake bora.

Kazi yake bora aliifanya akiwa ameketi vijijini. Mwaka 1974 alianza mradi wa kuwatafuta wenye hekima wa Kenya, watu ambao wengi wao hawakupita shule za juu, na kuzungumza nao. Wakati huo maandishi kuhusu fikra za Kiafrika yalikuwa yamejaa sentensi za namna moja. Padri Placide Tempels, katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu falsafa ya Kibantu, aliandika jinsi Wabantu wanavyoamini. John Mbiti mwaka 1969 alieleza jinsi Waafrika wanavyouona wakati. Odera Oruka aliwauliza swali ambalo sasa linaonekana jepesi: ni nani hasa, miongoni mwa hao Wabantu, aliyefikiri hivyo? Kabila halifikiri. Anayefikiri ni mtu, naye ana jina, na mara nyingine hakubaliani na kabila lake.

Namna alivyoifanya kazi hiyo ndiyo inayonishangaza kila ninaporudi kuisoma, kwa hiyo nitakaa hapo. Alianza kwa kuuliza majirani: hapa kwenu mkikwama mnamwendea nani? Akishampata aliyetajwa, alimwachia kwanza aeleze watu wake wanasemaje kuhusu Mungu, kifo, mwanamke, usawa, adhabu. Hatua hiyo aliipa muda wake, hakuidharau. Kisha aligeuza: na wewe mwenyewe unaonaje? Na kwa nini? Mtu mwingine, hata huku kwetu, ukimwuliza hivyo atarudia yale yale ya mwanzo kwa sauti kubwa zaidi. Anayajua yote na anayaeleza vizuri, ila hana hatua ya kusogea nje ya hayo. Odera Oruka alimwita huyo mwenye hekima ya jadi, na alimheshimu. Lakini wengine walisogea. Walisema: watu wangu wanaamini hivi, nami nadhani wamekosea, na sababu zangu ni hizi. Hao aliwaita wenye hekima ya kifalsafa.

Mfano unaojulikana sana ni wa Paul Mbuya Akoko. Alipoulizwa kuhusu Mungu, hakusimulia tu imani ya Waluo. Alisema wale waliodhani kwamba Mungu wa Waluo ni wao peke yao, mbali na Mungu wa makabila mengine, walikosea, kwa sababu mambo ya ulimwengu yanakwenda kwa mpango mmoja, na mpango mmoja hauwezi kuwa na wenyewe wengi. Tazama alichofanya. Alichukua imani ya kwao, akaipima kwa hoja isiyotegemea kabila lolote, akaikosoa, na hakuona kwamba amewasaliti watu wake. Mazungumzo hayo na mengine yalitoka katika kitabu cha "Sage Philosophy" mwaka 1990, na kila mwenye hekima aliyepewa nafasi humo yumo kwa jina lake.

Walikuwepo waliompinga, tena kwa hoja nzito. Peter Bodunrin wa Nigeria aliuliza mwaka 1981: falsafa inayotokea katika mazungumzo hayo ni ya nani? Kama mzee hakuwahi kufikiri hivyo mpaka profesa alipomchokoza, basi mwanafalsafa ni profesa. Odera Oruka aliukubali uchokozi huo. Alijilinganisha na mkunga, kama Sokrates alivyojilinganisha zamani. Nami naona jibu hilo linatosha. Mkunga akiwa stadi mtoto hutoka salama, lakini mimba haikuwa yake. Na waliowahi kumhoji mzee wanajua: unaweza kumwuliza swali moja watu kumi, na ni mmoja tu atakayekurudishia jibu lililokuwa likimsubiri mtu wa kuliuliza.

Huwa najaribu kuipeleka mbinu hiyo milimani Taita, juu yetu hapa. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwa kina desturi ya kutasa. Mtu anapiga funda la maji au la pombe ya miwa, analipuliza nje kama manyunyu, na anatamka kwamba moyo wake umetua, hauna kinyongo. Imani iliyo chini yake ni kwamba hasira iliyofichwa moyoni huleta madhara kwa jamaa na mifugo, hata kama mwenye hasira hakukusudia. Mtafiti wa kawaida ataandika hayo na kufunga daftari. Odera Oruka asingefunga. Angemwuliza mzee wa Taita: aliyedhulumiwa akakasirika, hasira yake si ya haki? Kama ni ya haki, mbona yeye ndiye anayetakiwa kuitema, na mdhulumu je? Hapo una swali zima la falsafa ya sheria, kuhusu kosa, nia na fidia, limekaa ndani ya funda moja la maji. Mzee wa kulijibu naamini yupo Wundanyi, na mwingine yupo Mbale.

Kitabu chake cha mapema zaidi ninachokithamini kilitoka mwaka 1976, "Punishment and Terrorism in Africa". Ni kitabu chembamba chenye hoja kali. Anasema mhalifu ni tunda la nguvu za uhalifu zilizomtangulia: umaskini, dhuluma, malezi, mpango mzima wa jamii. Dola inapomwadhibu mtu na kuziacha nguvu zile zikiendelea kuzalisha wengine, inajidanganya kwamba imetenda haki. Hoja hiyo aliifuata mpaka mwisho wake, akataka adhabu kama tunavyoijua ikomeshwe, na badala yake zitibiwe nguvu hizo pamoja na walioharibiwa nazo.

Mtu wa Taita Taveta hawezi kukisoma kitabu hicho bila kufikiria Manyani. Gereza lile, kando ya barabara kuu ukitoka Voi kuelekea Nairobi, lilianza wakati wa Hali ya Hatari kama kambi ya kuwazuia walioshukiwa kuwa Mau Mau. Maelfu walipitishwa pale. Sheria iliwaita wahalifu, na wengi wao hawakusimamishwa mbele ya hakimu yeyote. Miaka michache baadaye bendera ikabadilika, wakaitwa wapigania uhuru, na kuta zikabaki zikipokea wafungwa wengine. Ukiyajua hayo, huwezi tena kusema kwamba mhalifu ni yule anayeitwa hivyo na sheria, ukaishia hapo. Na upande wa mpakani, kijana anayekamatwa kwenye njia za panya za Holili na gunia la magendo si mgumu kumwelewa ukitazama vijana wenzake wangapi wana kazi. Odera Oruka angeuliza gunia lile linakwenda duka la nani.

Hata hivyo sikubaliani naye yote. Katika hoja yake ya adhabu, aliyetendewa kosa anafifia. Mama aliyeibiwa mbuzi wake watatu hapati nafuu kwa kuelezwa nguvu za uhalifu, na haki yake ya kuona jamii imekiri kwamba ametendewa vibaya haifutwi na umaskini wa mwizi. Hapa naona wazee wetu, kwa kuanza na fidia, walishika kitu ambacho kitabu kilikipita haraka. Lakini ni yeye aliyenifundisha kuuliza hivyo, na nadhani asingekasirika.

Siku ambayo ufundi wake ulijaribiwa hadharani ilikuja mwaka 1987. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alisema marehemu alitaka kuzikwa Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo anazikwa kwao, Nyalgunga. John Khaminwa alimtetea mjane, Richard Kwach akautetea ukoo, na Kenya nzima ikawa inafuata magazetini. Odera Oruka aliitwa kizimbani kama shahidi mtaalamu wa mila za Waluo.

Sheria yetu ya Mahakama, kifungu cha 3(2), inasema mahakama ziongozwe na sheria za mila za Kiafrika ilimradi hazipingani na haki na maadili. Maneno hayo tumeyarithi kwa wakoloni, na wakati wao aliyepima maadili hayo alikuwa jaji Mwingereza kwa kipimo cha kwao. Uhuru ulipokuja kipimo kilibaki bila mwenyewe. Ni maadili ya nani? Ya ukoo, ya kanisa, ya mjini, ya mjane? Kesi ya Otieno ilikuwa swali hilo likiwa na maiti katikati. Na hapo alisimama mtu aliyetumia miaka 13 kutenganisha lile ambalo watu wanasema na lile ambalo mwenye akili miongoni mwao analiona. Mahakama ina haja ya jibu fupi: mila ipo au haipo. Yeye alikuwa mtu wa swali la pili, na kizimba hakina nafasi ya swali la pili. Jaji Bosire aliamua kwa upande wa ukoo mwezi Februari, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye tarehe 15 Mei, na marehemu akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987, siku 154 tangu afariki.

Naiona kesi hiyo kama hasara ya falsafa yetu, kwa sababu ilihitaji kuulizwa mambo ambayo hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuyauliza. Mila ya kumrudisha marehemu kwao iliwekwa kwa ajili gani? Je, sababu hiyo ilikuwepo kwa mtu aliyeishi, akafanya kazi na kulea watoto wake Nairobi? Huenda jibu lingekuwa lile lile. Lakini mjane angekuwa amejibiwa. Leo Katiba ya 2010, ibara ya 159, inazitaka mahakama ziendeleze njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisivunje haki za binadamu. Maana yake ni kwamba kikao chetu cha maji, pale chini ya mti, sasa kinatambuliwa na Katiba. Kimepewa heshima, na heshima hiyo ina gharama: wazee watapaswa kueleza sababu.

Miaka yake ya mwisho Odera Oruka alipanua uwanja. Mwaka 1989 aliandika kuhusu misaada ya mataifa tajiri, akakataa kuiita hisani. Alisema kila binadamu ana haki ya kima cha chini cha ubinadamu: usalama wa mwili, afya na riziki. Asiye na hivyo hawezi kutumia haki nyingine yoyote, hata kufikiri kuhusu wema hawezi. Kwa hiyo haki hiyo inatangulia, na inapokinzana na umiliki wa mali au hata na mipaka ya nchi, hivyo vingine ndivyo vinavyosogea. Someni hayo mkiwa Taveta. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwapa walowezi mikataba ya miaka 999. Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, alijenga kasri lake juu ya kilima cha Girigan miaka ya 1930, mkonge ukitandazwa chini yake kadiri jicho linavyofika. Uhuru ulikuja, na watu wengi wa Taveta wameendelea kuishi kama maskwota kwenye ardhi ya mababu zao. Mwenye hati ana sheria. Odera Oruka hakusema hati ichanwe. Aliuliza inapata wapi nguvu ya kumfunga mtu ambaye kwa sababu yake hana pa kupanda mahindi.

Kisha, mwaka 1993, akatoa mfano wa familia. Wazazi wana watoto sita, wawili wamefanikiwa, wanne ni maskini, na kati ya hao wanne watatu wana hali mbaya kabisa. Kila mmoja ana chake, lakini hakuna aliyefika alipofika kwa nguvu zake mwenyewe tu, kwa kuwa wote walianza na kilichoachwa na wazazi. Basi aibu ya mmoja ni ya wote, na aliyezidiwa ana haki ya kudai kwa nduguye. Dunia, alisema, ni mzazi wa namna hiyo kwa mataifa yote. Mfano huu haumpi shida mtu wa pwani wala wa bara, kila mmoja ana ndugu. Nao unakaa vizuri zaidi ufukweni mwa Jipe, ambako nusu ya ziwa ni yetu na nusu ni ya Watanzania, viboko hulala upande wowote, na tope la mlima linazijaza pande zote mbili bila kuomba pasi. Ziwa Chala nalo, juu kule, limekatwa na mpaka huo huo. Hakuna sheria ya nchi moja inayoweza kuyalinda maziwa haya. Itabidi tuongee kama watoto wa mzazi mmoja, au maziwa yatabaki magugu matupu.

Odera Oruka aligongwa na gari Nairobi akafariki tarehe 9 Desemba 1995, akiwa na umri wa miaka 51.

Wenye hekima aliowahoji karibu wote wameshatangulia. Yaliyosalia ni kwa sababu yeye na wanafunzi wake waliwafuata na kinasa sauti. Wa kwetu je? Wapo Taveta, Kasighau, Sagalla na milimani Taita wazee ambao majirani huwaendea wakikwama, na wengi wao wamepita miaka 80. Wewe unayesoma, na hasa wewe uliye chuoni ukitafuta mada ya tasnifu, simu yako ina kinasa sauti. Nenda likizo hii. Mwache mzee aeleze kwanza watu wake wanasemaje, usimkatize. Kisha mwulize yeye mwenyewe anaonaje, na kwa nini. Na ukiandika, usiandike kwamba Wataveta wanaamini. Andika jina lake kamili, kijiji chake, na tarehe.